Moyo nao una mifereji yake: mishipa ya limfu, uzee na mazoezi (wana Mtwara na Lindi karibuni)

#1 KusiLaShangani

Wakuu, wanaostahili shikamoo nawapa, wengine salama.

Neno "mshipa" tumelitwisha mizigo mingi mno. Ateri ni mshipa, vena ni mshipa, neva nayo ni mshipa, na huku kwetu ukisikia "fulani ana mshipa" unajua linalosemwa ni busha. Kwa hiyo ikitajwa mishipa ya moyo, akili inakimbilia ile ya damu inayoziba kwa mafuta. Uzi huu ni wa mishipa mingine: ya limfu, iliyomo ndani ya nyama ya moyo wenyewe. Inapatwa na nini mtu akizeeka, na mazoezi yanaigusa vipi.

Limfu kwanza. Damu ikipita kwenye kapilari (vimishipa vyembamba kuliko vyote), maji na protini kidogo huvuja na kukaa katikati ya seli. Ukiacha figo pembeni, mwili mzima huvuja kiasi cha lita 8 kwa siku. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hunyonywa tena na kapilari zilezile zikikaribia vena. Hesabu hiyo imesharekebishwa: kwenye tishu nyingi, kilichovuja hurudi kwenye damu kwa njia ya mishipa ya limfu, na kikishaingia humo ndicho kinachoitwa limfu. Mfereji ukilegea, hakuna mlango wa nyuma.

Sasa moyo. Una kapilari zilizosongamana, karibu moja kwa kila seli ya msuli, na unapiga kama mara 100,000 kwa siku, kwa hiyo uvujaji hauna Jumapili. Vijimrija vyembamba vilivyozibwa mwisho mmoja viko chini ya utando wa ndani na katikati ya nyama. Hivyo humwaga kwenye mtandao ulio chini ya utando wa nje. Kutoka hapo mishipa mikubwa kidogo, yenye vali, hupanda sambamba na ateri za moyo, mara nyingi ikiwa imefunikwa na mafuta, hadi kwenye tezi za limfu za kifuani, na mwisho kwenye vena kubwa zilizo nyuma ya mtulinga. Ndani kwenda nje, halafu juu.

Pampu ni nani? Mguuni mishipa ya limfu ina misuli yake laini inayojikamua, na misuli ya shavu la mguu huisaidia ukitembea. Kwenye moyo mambo ni tofauti. Mishipa ya limfu ya juu ya moyo wa panya, kwa mfano, haina misuli laini ya maana. Kinachoikamua ni pigo la moyo lenyewe: nyama inabana, limfu inasogea, vali inafunga isirudi, nyama inalegea, mrija unajaa tena. Moyo ukikakamaa, usipolegea vizuri, unakuwa umejizibia mfereji wake.

Na mfereji una mdomo. Mnaokaa karibu na bahari mnajua mtaro wa mvua unavyofanya wakati wa bamvua: maji ya bahari yamepanda hadi mdomoni, mtaro mzima hata kama ni safi unajaa na kurudi barabarani. Vena za shingoni ndiyo bahari yetu. Mwenye moyo dhaifu, shinikizo la vena likipanda, limfu inakosa pa kumwagia.

Kwa nini hili halisemwi sana? Limfu haina rangi. Mwaka 1622 Gaspare Aselli wa Italia aliona mishipa hii kwenye utumbo wa mbwa kwa sababu mbwa alikuwa ametoka kula, na mafuta yalikuwa yameifanya myeupe kama tui. Ya moyo haipakwi rangi na chakula. Kuihesabu ilibidi kusubiri kingamwili zinazoshika alama zake, LYVE-1 na PROX1, na hizo ni za juzi tu, karibu na mwaka 1999.

#2 BintiMikindani

Nimeweka kambi hapa. Kaka Kusi, swali la mtu wa Kusini: minyoo ya matende si inakaa humohumo kwenye mishipa ya limfu? Inaweza kuingia ya moyo?

#3 Mitoki

Dada, ngoja nilijibu hilo maana ni la kwangu kikazi.

Minyoo ni Wuchereria bancrofti, huletwa na mbu. Wakubwa hukaa miaka kadhaa kwenye mishipa ya limfu, na mahali wanapopapenda ni kinena, korodani na miguu. Ndiyo maana tunaona busha, matende ya mguu na mitoki. Moyo si makao yao. Wanaoogelea kwenye damu ni watoto wao, tena hutoka zaidi usiku, na ndiyo maana kipimo cha zamani cha damu kilichukuliwa usiku. Kingatiba tunayogawa (ivermektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka, ukipimwa urefu kwa fimbo) inalenga hasa hao watoto ili mbu asiwasambaze.

Lakini matende ni darasa zuri la uzi huu. Mnyoo hazibi mrija kama kizibo cha chupa. Anautanua, vali zinaachana, limfu inarudi chini, kisha bakteria wanaoingia kwenye nyufa za ngozi wanamalizia kazi kwa uchochezi (mwili kuwaka na kuvimba ukipigana nao), na tishu inajaa nyuzi ngumu. Maji yenye protini yakikaa mahali muda mrefu, tishu inageuka kovu. Hiyo ndiyo kanuni. Kwenye mguu unaiona kwa macho. Kwenye moyo huioni, ila kanuni haibadiliki.

#4 MaabaraYaPanya

Mitoki amenirahisishia. Nieleze uzee unafanya nini, na niseme wazi kila jambo limeonekana wapi, maana watu huchanganya.

Mrija wa mwanzo wa limfu una seli zenye umbo la jani, zimepishana kingo. Zimeshikana kwa nukta nukta kama vifungo vya shati, na katikati ya vifungo kuna nafasi za maji kuingia. Kwa nje kuna vijinyuzi vimeufunga mrija kwenye tishu: tishu ikivimba, vijinyuzi vinavuta, milango inafunguka. Uvimbe wenyewe ndio unaofungua bomba. Uchochezi wa muda mrefu huvigeuza vifungo kuwa zipu, na zipu ikifungwa maji hayaingii. Hili limeonekana kwenye koo la hewa la panya wenye maambukizi. Uzee nao, kama mjuavyo, huja na uchochezi wa chini chini usioisha.

Kwenye mishipa mikubwa zaidi ni kinyume chake: pale zipu inatakiwa, ili mzigo usivuje njiani. Kwa panya wazee utando wa sukari unaoipaka mishipa hii kwa ndani hukonda na kuta huvuja, hivyo limfu iliyokwisha kuchotwa inarudi kwenye tishu. Hiyo ni mishipa ya limfu ya utumbo. Pampu nayo hudhoofu. Mishipa ya panya wa miezi 24 ikilinganishwa na ya panya wa miezi 9 hujikamua kwa nguvu ndogo, kwenye utumbo na kwenye mfereji mkuu wa kifua. Moja ya sababu ni gesi ya nitriki oksidi. Kwa kijana hutolewa kwa vipindi: mrija ukijikamua, limfu inapita kwa kasi, gesi inatoka, mrija unalegea na kujaa tena. Kwenye uchochezi gesi hiyo hutoka mfululizo kutoka kwa seli za kinga, na mrija unabaki umelegea muda wote. Ni kama ngoma iliyopigwa bila kituo, mchezaji hajui pa kukanyagia.

Kwa moyo ongezeni ugumu wa nyama yenyewe: seli za msuli hupungua kwa umri, nyuzi za kolajeni huongezeka, moyo unachelewa kulegea. Hapo duara linajifunga. Maji na protini vinabaki, seli zinazotengeneza nyuzi zinaamka, kolajeni inaongezeka, nyama inakakamaa, mkamuo wa limfu unapungua, maji yanabaki zaidi. Msuli wa moyo hauhitaji maji mengi ya ziada ili nguvu yake ya kusukuma ishuke, ongezeko la asilimia chache tu linatosha.

#5 Mkorosho_Mkavu

Uzi umesimama. Kwa kifupi basi: mzee akifanya mazoezi mishipa mipya ya limfu inaota moyoni, matatizo kwisha. Si ndivyo?

#6 MaabaraYaPanya

Hapana mkuu, taratibu. Hapo ndipo wauza chupa wanapopata biashara.

Kuota kwenyewe ni kweli kunawezekana. Protini inayoamrisha mishipa ya limfu iote, VEGF-C, ilielezwa mwaka 1996 na kundi la Helsinki. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba panya aliyepata shambulio la moyo anaotesha mishipa mipya ya limfu mwenyewe, na akiongezewa aina ya VEGF-C, moyo unapona vizuri zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Shanghai waliwaogelesha panya kwa wiki kadhaa: moyo ulikua ule ukuaji mzuri wa mwanamichezo, na mishipa ya limfu ikaongezeka pamoja nao. Walipoziba kipokezi cha VEGF-C kwa dawa, ukuaji huo ulipungua. Maana yake mifereji si pambo la mazoezi, ni sehemu ya namna moyo unavyoyapokea.

Hao ni panya. Kwa binadamu, kuhesabu mishipa hii lazima upate kipande cha nyama ya moyo, ukikate vipande vyembamba, ukipake kingamwili. Hakuna atakayekubali kukatwa moyo kwa sababu ameanza jogging. Tunachopima kwa watu ni matokeo: ugumu wa moyo, shinikizo, uwezo wa kutumia oksijeni.

#7 KusiLaShangani

Na matokeo hayo yana somo kuhusu umri. Utafiti wa Dallas, Marekani, uliotoka mwaka 2018 uliwachukua watu wa makamo, miaka 45 hadi 64, wenye afya lakini wa kukaa kwenye viti. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuhemesha kwa miaka 2, likipanda polepole hadi siku 4 au 5 kwa wiki. Ugumu wa ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) ulishuka kama robo, uwezo wa oksijeni ukapanda asilimia 18. Kundi la pili lilifanya yoga, mizani (kusimama bila kuyumba) na vyuma. Ugumu wa moyo haukushuka.

Timu hiyohiyo ilikuwa imejaribu awali kwa wazee waliovuka miaka 65 na kukaa bure maisha yao, kwa mwaka mmoja. Pumzi iliongezeka, ugumu wa moyo haukubadilika. Na walipowapima wazee kwa kufuata mazoea yao ya miaka 25, waliofanya siku 2 au 3 kwa wiki mioyo yao haikutofautiana sana na ya wasiofanya. Tofauti kubwa ilianzia siku 4.

Kwa hiyo wa miaka 48 anayesoma hapa akiwa amelala kwenye mkeka, dirisha liko wazi sasa. Wa miaka 70 naye anapata faida, ila aitafute kwenye presha, sukari, misuli na pumzi, asitegemee kurudishiwa moyo wa ujana.

Kuhusu limfu, mazoezi yanapitia njia nne au tano kwa wakati mmoja. Mapigo yanaongezeka na kila pigo linabana zaidi, kwa hiyo mkamuo ni mwingi. Damu ya ateri za moyo, ambayo ukiwa umetulia ni kama mililita 250 kwa dakika, hupanda mara 4 hivi ukifanya kazi nzito. Uvujaji nao unapanda, na mfereji unapata zoezi lake. Kuhema kwa kina kunashusha shinikizo la kifua na kuvuta limfu kwenye mfereji mkuu. Mafuta ya tumboni yanapungua na uchochezi unapoa. Na presha ya kila siku inashuka, hivyo kinachovuja ukiwa umepumzika ni kidogo. Mimi naona hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote kwa watu wetu, ingawa haina mvuto wa maabara.

#8 BintiMikindani

Sasa tuletee vitendo. Mfano mzee wa miaka 60 na kitu, presha anayo, anameza amlodipini, analima mikorosho. Akienda shamba kila siku si ameshamaliza mazoezi?

#9 MwalimuWaViungo

Dada Binti, inategemea anafanya nini huko shamba. Kupalilia kwa mwendo mmoja nusu saa bila kusimama, kutembea kilomita 3 kwenda na 3 kurudi, hayo yanahesabika kabisa. Kuokota korosho umeinama, unasimama, unaongea, unaokota, hayo ni kazi ya mgongo zaidi kuliko ya moyo. Na kubeba gunia ni habari nyingine, nitaifikia.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za nguvu, pamoja na kazi ya misuli siku 2, na kwa waliofika 65 mazoezi ya mizani siku 3. Dakika 150 ni siku 5 za nusu saa.

Wastani maana yake nini? Uweze kusema sentensi nzima, usiweze kuimba. Anayependa namba: chukua 208, toa umri uliozidishwa kwa 0.7. Wa miaka 60 anapata 166. Asilimia 64 hadi 76 ya hapo ni mapigo 106 hadi 126 kwa dakika, yaani 27 hadi 31 ukihesabu kwa sekunde 15 kwenye kifundo cha mkono. Hesabu mara tu unaposimama, usisubiri, mapigo hushuka haraka. Na anayetumia atenolol, bisoprolol au karvedilol asiitumie hesabu hii kabisa: dawa imefunga mapigo kwa makusudi, akiyakimbiza atajiumiza. Huyo abaki na kipimo cha sentensi.

Kabla ya kuanza: presha ipimwe. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, kwanza kituo cha afya. Vivyo hivyo kwa mwenye maumivu ya kifua akipanda kilima, anayezimia, asiyeweza kulala bila mito miwili mitatu, au aliyeambiwa vali ya moyo imebana.

Wiki 2 za kwanza, dakika 15 kwa siku, siku 4. Tano za mwanzo mwendo wa kwenda msikitini, tano za kati mwendo wa mtu anayechelewa gari, tano za mwisho mwendo wa kwanza. Kila wiki ongeza dakika 5 kwenye kile kipande cha kati mpaka kifike 20 hadi 25, halafu ongeza siku ya tano. Hapo umefika wiki ya 6 hivi. Usiongeze dakika na kasi wiki moja.

Zile dakika za mwisho watu wanaziruka, na ni kosa. Ukiwa kwenye mwendo, misuli ya miguu inasukuma damu na limfu kurudi juu. Ukisimama ghafla pampu inazimika huku mishipa ya miguu imetanuka, damu inalala chini, presha inaanguka, mzee anaona giza. Mwenye dawa za presha ndiye wa kwanza kuanguka.

Baada ya miezi 3, kama hakuna tatizo na daktari ameridhia, siku moja kwa wiki iwe ya vipindi: dakika 4 za nguvu kiasi cha kusema maneno matatu matatu, dakika 3 za polepole, rudia mara 4. Siku inayofuata iwe nyepesi. Kwenye hizo dakika 3 mapigo yanashuka na moyo unapata muda mrefu zaidi wa kulegea kati ya pigo na pigo. Ateri za ventrikali ya kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake moyo ukiwa umelegea, si ukiwa umebana.

Mahali na saa. Pwani yetu ni joto na unyevu, hasa Novemba hadi Aprili, jasho halikauki mwilini. Saa 12 asubuhi baada ya alfajiri ndiyo saa nzuri, au saa 11 jioni upepo ukivuma. Ufukweni anza na mchanga mgumu ulioachwa na maji yaliyokupwa. Mchanga laini hula nguvu mara 2 au zaidi ya barabara, na mzee asiyejua hilo anafikiri pumzi imemwisha. Kwa Lindi mjini anayeanza azunguke tambarare ya pwani au uwanja wa Ilulu, vilima avipande mwezi wa pili. Baiskeli inafaa sana kwa wenye magoti mabovu. Na ngoma ya sindimba, msicheke: dakika 20 za sindimba kwa kituo na mwendo ni zoezi kamili la moyo kuliko mengi yanayolipiwa.

#10 Mkorosho_Mkavu

Gunia je, mkuu? Vijana wa ghalani wana vifua hivi, na mioyo si itakuwa chuma?

#11 MwalimuWaViungo

Gunia linakubana ukiwa umezuia pumzi. Ukizuia pumzi na kujikaza, shinikizo la kifua na la damu linapanda juu sana kwa sekunde chache, na damu inayorudi kwenye moyo inakwama. Vena zimejaa, mdomo wa mfereji umefungwa: lile bamvua alilolisema Kusi. Kijana mwenye presha nzuri halimdhuru. Mzee wa presha 170 linaweza kumvunja mshipa wa kichwa.

Si kwamba mzee asiinue kitu. Misuli lazima. Ila aanze kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara 8 hadi 12, raundi 2; kusukuma ukuta kwa mikono; kuinua dumu la lita 5 kila mkono. Pumzi itoke wakati wa kuinua. Akijikuta anaguna na kujikaza, mzigo ni mkubwa. Kutwanga nako ni hivyohivyo: kwa mwendo mwepesi na kupokezana ni zoezi zuri, kwa kukaza shingo si zuri.

#12 TibaAsiliaKusini

Wapendwa, haya yote yana njia fupi. Kuna mchanganyiko wa mizizi unasafisha mishipa ya limfu mwili mzima kwa siku 7, unatoa sumu zote. Njoo inbox.

#13 Mitoki

Ndugu, mfereji wa limfu hausafishwi kutoka tumboni. Unachokunywa kinaingia kwenye damu kama chakula kingine, hakiendi kusugua mirija ya moyo. Wanachokiona watu ndani ya siku 7 ni kukojoa sana au kuharisha, uzito unapungua kilo 2 za maji, wanasema wamesafishika. Mwenye dawa za presha akiharisha hivyo kwenye joto letu figo ndizo zinazolipa. Wasimamizi, lile la inbox mliangalie.

#14 BintiMikindani

Ahsante Mitoki. Nirudi kwa yule mzee wa amlodipini, miguu inavimba jioni. Watu wanamwambia moyo umeshindwa, wengine wanasema matende, wengine acha mazoezi. Mtu atajuaje?

#15 Mitoki

Kidole gumba, dada. Bonyeza mbele ya mfupa wa goko kwa sekunde 10, achia.

Ikibaki shimo, miguu yote miwili, na anahema akilala chali, uzito unapanda haraka (zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 ni kengele), hapo fikiria moyo na mpeleke akapimwe, pamoja na eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) inapopatikana. Mazoezi yasubiri kwanza.

Ikibaki shimo, vifundo vyote viwili, jioni tu, asubuhi hakuna, hahemi, na anameza amlodipini, hasa ile ya miligramu 10: mara nyingi ni dawa. Inatanua ateri ndogo kuliko vena, kapilari zinajaa na kuvuja. Tena dawa za kundi hilo hulegeza mkamuo wa mishipa ya limfu, maana nayo inajikamua kwa kalsiamu. Asiache dawa mwenyewe. Arudi kwa aliyemwandikia, kuna kupunguza dozi au kuongeza dawa ya kundi jingine. Kutembea kunamsaidia huyu.

Uso ukivimba asubuhi, macho yamejaa, fikiria figo. Mguu mmoja umezidi mwenzake, ngozi nene, mikunjo, shimo halibaki, historia ya homa na mtoki wa kinena: hayo ni matende. Lakini mguu mmoja uliovimba ghafla ndani ya siku moja mbili, una joto na maumivu ya shavu la mguu, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, usiukande wala usiufanyishe mazoezi. Hospitali siku hiyohiyo.

Na chumvi, jamani. Ng'onda na papa mkavu kila mlo, halafu tunalaumu mifereji. Loweka, mwaga maji, loweka tena, ndipo upike, na usitie chumvi nyingine.

#16 KusiLaShangani

Mwenye matende naye asiachwe. Mitoki, mazoezi yake yakoje?

#17 Mitoki

Anafanya, tena yanamfaa. Mguu uoshwe kwanza kwa maji na sabuni, ukaushwe katikati ya vidole kwa kitambaa, nyufa zipakwe dawa. Akiwa amekaa, akunje na kukunjua kifundo mara 10 hadi 15, azungushe, ainue visigino akiwa ameshika ukuta, arudie mara 2 au 3 kwa siku. Atembee na viatu vipana, vya kufunika. Akipumzika mguu uwe juu kuliko kiti. Siku ya shambulio, yaani homa, mguu mwekundu, wa moto, unauma, hakuna zoezi lolote mpaka lipoe: ni maji ya baridi, kuinua mguu, maji ya kunywa, na kituo cha afya kwa dawa ya bakteria.

#18 Mkorosho_Mkavu

La mwisho kwangu. Kuna hawa maveterani wa Jumapili, wiki nzima wamekaa, Jumapili mechi dakika 90 saa 10 jua kali pale uwanja wa Nangwanda, na wengine wametoka kwenye malaria juzi. Na uraka (pombe ya mabibo) kidogo wa kuchangamsha. Mnasemaje?

#19 MaabaraYaPanya

Homa ni sababu ya kutocheza, hilo halina mjadala. Virusi vingine hugusa msuli wa moyo, na moyo uliowaka uchochezi umejaa maji tayari. Ukiukimbiza unaongeza uvujaji juu ya mfereji uliozidiwa, na mapigo yanaweza kuvurugika. Homa iishe kabisa, mtu arudi kwa kutembea kwanza. Akiwa na maumivu ya kifua au mapigo ya kurukaruka, hata kupumzika wiki hakutoshi, apimwe.

#20 MwalimuWaViungo

Mechi moja kwa wiki bila maandalizi ni mtihani bila darasa, na shambulio la moyo wakati wa juhudi kali huwapata zaidi hao hao wasiozoea. Wanaotaka Jumapili yao waweke Jumanne, Alhamisi na Ijumaa nusu saa za kutembea kwa kasi au kukimbia polepole, wapashe misuli dakika 10 hadi 15 kabla ya filimbi, wacheze vipindi vya dakika 20 na kubadilishana, mechi isogezwe hadi saa 11. Maji waanze kunywa mchana. Uraka hauhesabiki kama maji: pombe hutoa maji mwilini na kuchochea mapigo ya ovyo. Ukiwepo, uje baada ya mechi, baada ya maji, na asiwe aliyekuja kwa pikipiki.